UZI: Nimetoka kwenye kongamano la wanasayansi wanaochunguza spishi mpya zinavyotokea, karibuni tuongee

Darubini (mleta uzi):

Wakuu heshima kwenu. Siku nne nimekaa ukumbini na watu ambao kazi yao ya maisha ni swali moja tu, inakuwaje viumbe wa aina moja wanakuja kuwa aina mbili zisizozaliana tena. Nimetoka na madaftari mawili yamejaa na usingizi umenikimbia, kwahiyo naandika wakati bado ya moto, mtanivumilia nikipanda na kushuka.

Naanza na kilichonikaa zaidi, furu wa Ziwa Victoria. Furu ni wale samaki wadogo wa kundi la sikilidi, na ziwa lenyewe lilikauka kabisa au karibu kabisa mwishoni mwa zama za barafu, likaja kujaa tena kama miaka 15,000 iliyopita. Sasa ndani ya ziwa hilo hilo wakakutwa furu wa spishi zinazokaribia 500. Mia tano wakuu! Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaovunja konokono, kuna wanaokula wadudu, kuna wanaokula samaki wenzao, wapo mpaka waliojifunza kunyonya mayai na watoto kutoka mdomoni mwa mama wa spishi nyingine (furu jike anatunza watoto mdomoni). Miaka 15,000 kwenye mageuzi ni kufumba na kufumbua, sisi na sokwe tumeachana miaka milioni sita saba na bado tunafanana vile.

Kati ya hao wote kuna wawili ndo waliotawala mazungumzo, Pundamilia pundamilia na Pundamilia nyererei. Ndio, hilo jina la pili ni la Mwalimu Julius Nyerere, walimpa mwaka 1985. Dume wa pundamilia ana rangi ya bluu, anakaa maji ya juu karibu na mwamba, dume wa nyererei ana wekundu mgongoni na anakaa chini zaidi kidogo. Ukiwaweka tangi moja wanazaliana vizuri tu na watoto wao wanazaa, hakuna utasa wowote. Sasa kinachowatenganisha ziwani ni nini? Ni jike anavyoona. Maji ya lile ziwa yana chembechembe zinazomeza mwanga wa bluu, kwahiyo ukishuka chini unabaki mwanga wa njano na mwekundu, na samaki wa chini macho yao yamezoea wekundu, wa juu yamezoea bluu, jeni ya protini inayopokea mwanga kwenye jicho inatofautiana kabisa kati yao. Jike anachagua dume anayemuona vizuri. Basi. Hicho ndo kizuizi chote.

Wakafanya jaribio, wakawamulika kwa mwanga wa rangi ya chungwa peke yake ili bluu na nyekundu zisitofautishike, majike wakaanza kuchagua ovyo, yeyote sawa. Alafu ukienda sehemu za ziwa ambako maji yamechafuka, mbolea na udongo vinaingia, mwani umejaa, unakuta hakuna tena wawili. Unakuta samaki mmoja wa katikati, rangi imefifia, si bluu si nyekundu.

Nimeliwaza hilo siku nne nzima. Maana yake spishi inaweza kufa bila samaki hata mmoja kufa. Wote wapo, wanaogelea, wanazaa, ila spishi mbili zimekuwa moja kwasababu maji yamekuwa machafu na jike haoni.

Ulizeni.

mtaka_kujua:

Mkuu umeniweza. Ila mimi siku zote nina swali ambalo mwalimu wa baiolojia alinikwepa. Yule kiumbe wa KWANZA wa spishi mpya, alizaliana na nani? Maana kama yeye ni spishi mpya na wenzake wote ni wa zamani, si atabaki peke yake afe?

Darubini:

Swali zuri sana, na jibu ni kwamba huyo wa kwanza hakuwahi kuwepo. Angalia lugha. Kiswahili tunasema mtu, Kizulu wanasema umuntu, lugha hizi zina babu mmoja huko nyuma sana. Je kuna siku mama aliongea lugha ya babu akazaa mtoto akamjibu kwa Kiswahili? Hakuna. Kila mama na mtoto wake walielewana, vizazi vyote bila kuruka hata kimoja, ila makundi mawili yalipoachana kila moja likaendelea na mabadiliko yake mpaka leo ukiwakutanisha hawaelewani.

Spishi ni hivo hivo. Kinachogeuka ni kundi zima, sio mtu mmoja. Kila mtoto anazaliana na wa kizazi chake bila shida. Shida inakuja kati ya kundi hili na lile, mlima ulitokea katikati, au mto ulihama, au bahari ilikatika. Pale Panama nchi kavu ilipofunga njia kati ya bahari mbili, miaka kama milioni tatu iliyopita, uduvi wa upande wa Pasifiki na wa upande wa Karibiani waliokuwa ndugu wakakatwa, leo ukiwaweka pamoja wengi wao wanapigana badala ya kupandana.

Kuna kesi moja ambapo wa kwanza yupo kweli, ni kwenye mimea, ntarudi.

Nahodha Kimya:

Sawa lakini hizi zote ni hadithi za mamilioni ya miaka, nani kakaa akaona kwa macho? Siongei kwa ubaya mkuu, mimi nataka ushahidi wa mtu kuona.

Darubini:

Hujakosea kudai, hata pale ukumbini ndo kitu wanachodaiana wao kwa wao asubuhi mpaka jioni.

Peter na Rosemary Grant, mke na mume, walianza mwaka 1973 kwenye kisiwa kidogo sana cha Daphne Major huko Galapagos, wakawa wanarudi kila mwaka kwa miongo minne. Wakawavisha pete ndege wote wa pale, wakapima midomo, wakaandika nani kazaa na nani. Mwaka 1977 ukame ukapiga, mbegu laini zikaisha, zikabaki ngumu zenye miiba, wengi sana wakafa na waliopona walikuwa wenye midomo minene, na watoto waliofuata wakawa na midomo mikubwa kuliko kizazi kilichotangulia. Huo ni uteuzi asilia umepimwa kwa rula.

Ila kisa chenyewe ni cha 1981. Akaja ndege dume mgeni, mkubwa, kichwa kikubwa, wimbo wake haufanani na wa yeyote pale. Baadae DNA ikaonesha katoka kisiwa cha Española, zaidi ya kilomita 100, hawezi kurudi. Akapata jike wa pale wakazaa. Sasa hawa ndege mtoto wa kiume anajifunza wimbo kwa baba yake, na jike anachagua dume kwa wimbo na kwa umbo la mdomo. Wajukuu wa yule mgeni wakawa wanaimba wimbo wa babu ambao majike wenyeji hawautambui, na mdomo wao haukufanana na wa wenyeji. Kwahiyo wakabaki wanaoana wenyewe kwa wenyewe. Ndani ya vizazi vitatu tu walikuwa ukoo uliojifunga, hawachanganyiki tena, na wana chakula chao ambacho wenzao hawakitumii vizuri. Wale wazee walikuwepo, wameona, wameandika jina la kila ndege kwenye daftari.

Ukitaka wadudu, Diane Dodd aliandika mwaka 1989 kuhusu nzi wadogo wa maabara waliotoka kundi moja, nusu wakalelewa kwenye chakula cha wanga na nusu kwenye sukari ya kimea, vizazi vingi vikapita, alipowakutanisha wa wanga wakawa wanapendelea wa wanga na wa kimea wanapendelea wa kimea. Hakuna aliyewachagulia wachumba. Walizoea vyakula tofauti na uchaguzi wa mwenzi ukahama wenyewe.

Jongoo Mbio:

Mleta uzi samahani, unasema furu wa bluu na wekundu wanazaliana kwenye tangi na watoto wanazaa. Sasa hiyo spishi mbili kivipi? Sisi tulifundishwa spishi ni wale wanaozaliana. Si ni samaki mmoja mwenye rangi mbili tu?

Darubini:

Hapa ndo ukumbi uligawanyika wakuu, nusu saa nzima watu wamesimama.

Hiyo uliyofundishwa ni ya mwanabaiolojia Ernst Mayr, 1942. Yeye hakusema "wanaoweza kuzaliana ukiwalazimisha", alisema makundi yanayozaliana yenyewe porini na yametengana na mengine. Ukiwafungia simba na chui milia pamoja kwenye bustani ya wanyama wanaweza kuzaa, lakini porini kila mmoja yuko na maisha yake. Na definisheni yenyewe haifiki kila mahali, bakteria hawapandani, utawapimaje? Darwin mwenyewe mwaka 1859 alikiri kwamba hakuna definisheni iliyowaridhisha wote ingawa kila mtaalamu anajua kwa juu juu anamaanisha nini.

Alafu tuangalie kwetu wenyewe. Watu wengi ambao asili yao ni nje ya Afrika wana kama asilimia 2 ya DNA kutoka kwa Neandatali, wale binadamu wa kale waliokwisha toweka. Walizaliana na watu wa sasa na vipande vyao vipo mpaka leo. Walikuwa spishi nyingine au la? Nilisikia wataalamu wawili wanaoheshimiana wakitoa majibu mawili.

Mimi msimamo wangu, na nauweka wazi, ni kwamba swali la "ni spishi au sio spishi" linatupotezea muda. Swali lenye nyama ni kiasi gani cha jeni kinavuka kutoka kundi moja kwenda lingine, na kinazuiwa na nini. Furu wa bluu na wekundu kwenye maji masafi hazivuki sana, kwenye maji machafu zinavuka zote. Jibu linabadilika ukihama mwamba mmoja kwenda mwingine ndani ya ziwa lile lile.

Jongoo Mbio:

Nimekuelewa. Ila basi kwanini nyumbu wa farasi na punda hazai? Pale kuna ukuta kweli.

Darubini:

Pale ukuta upo. Farasi ana kromosomu (zile nyuzi zinazobeba jeni) 64, punda 62, mtoto wao anapata 63 na zikitaka kupangana kutengeneza mbegu za uzazi hazipati wenza wa kufanana vizuri, karibu wote wanakuwa tasa.

Ila utasa hauhitaji namba za kromosomu zitofautiane, na hii ndo ilinifungua macho. Dobzhansky na Muller walilieleza miaka ya 1930 na 1940, japo Bateson alishaliona mapema, 1909. Chukua babu mwenye jeni mbili zinazofanya kazi pamoja, tuziite a na b. Kundi la kwanza linaachana, kwao a inabadilika kuwa A, inaelewana na b vizuri hakuna anayeumwa. Kundi la pili kwao b inabadilika kuwa B, inaelewana na a vizuri. Sasa wakutane wazae, mtoto anapata A na B kwa pamoja, na hizo mbili hazijawahi kukutana ndani ya mwili mmoja tangu dunia iumbwe. Hakuna aliyezijaribu. Zikigombana mtoto ni tasa au anakufa. Hakuna kundi lililopitia hatua ya hasara, kila upande ulikuwa mzima muda wote. Kwa panya ilishapatikana jeni moja inaitwa Prdm9, 2009, inayohusika na utasa wa madume chotara.

Na kuna kitu Haldane alikiona mwaka 1922 bado kinasimama, chotara wakiwa na shida kwa jinsia moja tu, mara nyingi inaumia ile yenye kromosomu mbili za jinsia zisizofanana. Kwa nzi na wanyama kama sisi ni madume, kwa ndege na vipepeo ni majike. Karne moja imepita na kila mkutano bado wanajadili kwanini.

mama wa wawili:

Nawasoma kimya kimya toka mwanzo, mimi nauliza kama mzazi, hii elimu inatusaidia nini? Siulizi kwa kudharau.

Darubini:

Mama, mbu wa malaria.

Zamani wote walijulikana kwa jina moja, Anopheles gambiae. Miaka ya 1960 watu wakawapandanisha mbu kutoka sehemu tofauti maabara wakaona madume wa chotara ni tasa. Kumbe ni kundi la spishi kadhaa ambazo kwa macho, hata kwa darubini, hazitofautishiki. Na tabia zao hazifanani hata kidogo. Yupo anayependa damu ya binadamu na anakufuata ndani ya nyumba, yupo arabiensis ambaye anakula ng'ombe pia na mara nyingi anauma nje, yupo wa maji ya chumvi, yupo quadriannulatus ambaye shughuli yake ni wanyama. Ukipulizia dawa ukutani unampata wa ndani, wa nje anakucheka. Bila kujua ni spishi gani una, unapoteza dawa na muda na watu wanaendelea kuumwa.

Na bado wanaendelea kugawanyika. Mwaka 2013 ilibidi mmoja apewe jina lake, Anopheles coluzzii, kwasababu kwenye makundi ya jioni wanaporuka kutafuta wenza wanajitenga na gambiae. Wanajitenga lakini mlango haujafungwa wote, jeni ya kuhimili dawa ilivuka kutoka gambiae ikaingia coluzzii kupitia chotara wachache waliopona. Wachache tu walitosha. Kwahiyo anayechunguza mipaka ya spishi anachunguza pia usugu wa dawa utasafiri kupitia nani.

mtaka_kujua:

Uliahidi mimea mkuu, usituache.

Darubini:

Kweli. Kwenye mimea spishi inaweza kutokea kizazi kimoja. Mmea ukikosea kugawanya kromosomu, zikabaki mara mbili, huo mmea hauwezi tena kuzaa vizuri na wazazi wake, ila unaweza kujichavusha wenyewe. Huyo ndo wa kwanza uliyekuwa unamtafuta. Kuna jamii ya Tragopogon, spishi tatu zilitoka Ulaya zikaingia Marekani kaskazini magharibi mwanzoni mwa karne ya 20, zina kromosomu 12, zikachanganyika na kujidubli, na mwaka 1950 Marion Ownbey akatangaza spishi mbili mpya zenye 24. Hazikuwepo kabla. Na ngano ya mkate ni njia hiyo hiyo, ina kromosomu 42, mababu watatu wa 14 kila mmoja.

Alafu kisa kingine nakipenda sana, nzi wa Rhagoletis Amerika Kaskazini. Asili yake anataga kwenye tunda la mti wa porini. Wazungu wakaleta tufaha, katikati ya karne ya 19 baadhi ya nzi wakahamia kwenye tufaha. Tufaha linaiva wiki kadhaa kabla ya lile la porini, nzi anaishi muda mfupi na anapandana juu ya tunda lenyewe, kwahiyo wa tufaha anamaliza mambo yake kabla wa porini hajatoka. Hakuna mlima wala bahari, ni kalenda tu, na miti yenyewe inaweza kuwa jirani. Alafu nyigu mdogo anayeishi kwa kula funza wa hao nzi naye imebidi afuate ratiba, naye ameanza kugawanyika. Mmoja akihama anahama na anayemtegemea.

Nahodha Kimya:

Nakubali hoja umezijibu. La mwisho toka kwangu, umesema furu wanachanganyika ziwa likichafuka. Kuchanganyika siku zote ni hasara?

Darubini:

Hapana, na hapa nilibadilisha mawazo yangu ukumbini. Mwaka 2017 walitoa kazi inayoonesha hawa furu wote wa ukanda wa Ziwa Victoria wanatokana na koo mbili za mbali, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Naili ya juu, zilizokutana na kuchanganyika zamani sana. Ile jeni ya jicho, ya maji meupe na ya maji ya giza, kila moja ililetwa na ukoo wake. Yani uchotara wa mwanzo uliweka akiba ya jeni nyingi mezani, ndo maana ziwa lilipojaa wakaweza kugawanyika haraka vile, hawakusubiri mabadiliko mapya yatokee moja moja. Kwahiyo kuchanganyika kulijenga. Kinachoniumiza mimi ni kuchanganyika kunakofuta sababu ya kutengana, yale mazingira mawili yanakuwa moja, hakuna tena juu na chini, kuna uchafu tu.

Na furu walishapigwa upande mwingine. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, akalipuka miaka ya 1980, inakadiriwa spishi 200 hivi zilipotea au karibu. Hao waliliwa. Ila waliofutwa na maji machafu hakuna aliyewaona wakiondoka.

Mada ya siku ya mwisho ilihusu maziwa ya Uswisi. Kule mbolea na maji taka vilijaa ziwani katikati ya karne ya 20, kina cha chini kikakosa oksijeni, na samaki wa Coregonus waliokuwa wanataga huko chini wakalazimika kupanda juu wakataga na wenzao. Ziwa Constance lilikuwa na mmoja wa kina kirefu, akatoweka. Baadae maziwa yalisafishwa, maji yakarudi kuwa meupe, samaki yule hakurudi. Ila kuna watu walikuwa wamehifadhi magamba ya samaki waliovuliwa kabla ziwa halijaharibika, yamekauka kwenye bahasha kwa miongo. Wakatoa DNA kwenye yale magamba wakalinganisha na samaki wanaoogelea leo, wakakuta vipande vya yule aliyetoweka vimetawanyika ndani ya spishi zilizobaki, huyu ana hiki, yule ana kile.

Mtu mmoja kiti cha nyuma akauliza kama vile vipande vinaweza kujikusanya tena sasa kwa kuwa kina cha chini kina oksijeni. Aliyekuwa mbele alikaa kimya kidogo, akasema yule samaki kama alivyokuwa hatarudi, ila baadhi ya waliobaki wameanza kushuka chini na vipande hivyo vinawasaidia.

Nikipata nafasi kesho naleta zile noti za vipepeo wa Heliconius, hao nao wana lao.